Muvi naelewa, Kiingereza hakitoki

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, naishi Kihesa, Iringa, na nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Tuko marafiki wanne. Kila Jumamosi jioni tunaangalia muvi ya Kiingereza kwenye kompyuta ya mwenzetu, na huu ni mwaka wa pili. Nikiangalia naelewa vizuri tu, tena siku hizi sihangaiki sana na maandishi ya chini. Lakini mgeni akisimama mbele ya meza yangu maneno yote yanayeyuka, nabaki na "yes" na "welcome". Nina daftari lenye nahau zaidi ya mia mbili nilizozinakili kwenye muvi. Je, muvi zinasaidia kweli au tunapoteza muda? Na tuzijadili vipi ili maneno yakae kichwani?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na kamwene huko Kihesa. Nimefundisha Kiingereza hapa Mbeya zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo ni madarasa ya jioni ya watu wazima: mafundi simu, wauguzi, madereva wa malori yanayovuka Tunduma, mabinti wa mapokezi kama wewe. Daftari kama lako nimeliona mara nyingi mno. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula, neno upande huu na tafsiri upande ule. Mwenye daftari akiulizwa swali dogo kwa Kiingereza, anatazama chini.

Hampotezi muda. Ila kwa miaka hii miwili mmekuwa mkijaza kihenge, na kujaza kihenge ni kazi moja, kupika ugali ni kazi nyingine. Hamjapika.

Jambo hili halikuanza na ninyi. Mwaka 1985 mtaalamu wa lugha wa Kanada, Merrill Swain, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakizungumza Kiingereza nyumbani huku shuleni wakifundishwa masomo kwa Kifaransa, mwaka baada ya mwaka. Kwa kusikia na kusoma, watoto wale walikaribiana na wenye Kifaransa chao. Kwa kusema na kuandika walikuwa bado wana makosa tele. Swain alieleza kwamba walisikia Kifaransa kingi lakini hawakubanwa wakitoe. Msikilizaji anaweza kuelewa kwa kuokoteza: anaona uso wa mtu, anaona bastola mezani, anasikia muziki wa huzuni, basi anajua. Msemaji hana pa kujificha. Lazima achague neno, aliweke mahali pake, aamue kama jambo limeshatokea au linatokea, na yote hayo mtu amemkodolea macho.

Na sisi tunaujua ugonjwa huu tangu shule. Unasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, unafika Form One kila somo limegeuka Kiingereza, na kwa miaka minne kazi kubwa ni kunakili notsi ubaoni. Masikio na mikono vimefanya kazi, mdomo umepumzika. Kwa hiyo usijione mzito. Ulichokosa ni sababu ya kusema, na sababu hiyo muvi inaweza kukupa kuliko kitabu chochote nilichowahi kufundishia.

Nikusimulie siku nilipolielewa hili mimi mwenyewe. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya unaijua, darasa zima limevaa makoti. Nilikuwa nimewaonyesha kipande cha dakika nne hivi: karani mmoja anamweleza mke wa bosi wake siri aliyokuwa amekatazwa kuisema. Mwenzake anamwambia kwa hasira, "You spilled the beans!" Nikauliza kilichotokea. Fundi simu mmoja wa Mwanjelwa akajibu bila kusita: amefukuzwa kazi. Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia, "Mwalimu, beans ni maharage. Kumwaga maharage, kumwaga unga, si yale yale?"

Muuguzi mmoja akapinga. Akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "No, no. He still have the key. Look at the key." Fundi akasema ufunguo hauthibitishi kitu, mtu anaweza kufukuzwa akasahau kurudisha ufunguo. Nikarudisha kile kipande. Wakaangalia tena, safari hii kila mmoja ameinama mbele anatafuta ushahidi. Mara ya tatu fundi mwenyewe akanyoosha mkono: "Okay. He told the secret. That is the beans." Mabishano yalichukua dakika ishirini na ushee, nikaacha kila kitu nilichokuwa nimekiandaa. Miaka imepita. Mwaka jana nilimpelekea simu anitengenezee, akanipunguzia bei, halafu akaniinamia sikioni: "Teacher, don't spill the beans." Hakuwahi kuliandika neno lile popote. Aliligombania.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya neno lililoandikwa daftarini na neno lililotumika kumshinda mtu au kushindwa naye. Kwa hiyo ninachokuomba ni kugeuza Jumamosi zenu: muvi ipungue, maneno yazidi. Mkiangalia saa mbili na kuzungumza dakika kumi, pinduani hesabu hiyo. Chukueni kipande cha dakika tano tu, mzungumze saa nzima.

Kabla sijafika kwenye namna ya kuzungumza, niseme kidogo kuhusu hizo nahau zako mia mbili, maana nahofia nusu yake zinaweza kukuingiza matatani. Zipo zinazovuka mpaka bila shida. "Blood is thicker than water" ni damu nzito kuliko maji, na kuua ndege wawili kwa jiwe moja Waingereza nao wanasema hivyo hivyo. Hizo ni za bure. Zipo zinazofanana kwa sura tu, kama maharage ya yule fundi. Halafu zipo zenye maana sahihi lakini mahali si sahihi, na hizi ndizo mbaya zaidi. "Kick the bucket" kwenye daftari lako najua umeiandikia "kufariki". Lakini kufariki na kuaga dunia ni maneno unayoweza kusema msibani. "Kick the bucket" ni ya vijiweni, ni ndugu yake "kukata kamba". Ukimwambia mgeni kwamba mwenye nyumba ya wageni "kicked the bucket" mwezi uliopita, umemvunjia marehemu heshima bila kujua.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa mapokezi kama wewe. Mzee wa Kijerumani alimwambia kwa furaha kwamba siku ile ametimiza miaka 80. Yule binti alikuwa amesikia kwenye muvi za Kimarekani marafiki wakishangaa kwa kusema "Get out of here!", yaani acha utani bwana. Akamwambia mzee, "Get out of here!" Mzee akachukua fimbo yake, akatoka kwenda kukaa uani peke yake. Binti alilia. Neno lilikuwa sahihi kabisa kwa msichana wa miaka ishirini kwa shoga yake. Kwa mzee wa watu, tena mgeni, ni kumfukuza. "Shut up!" nayo ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana nakuomba daftari lako ulifute upande wa kulia. Badala ya tafsiri, andika nani alisema, kwa nani, na walikuwa katika hali gani. Kwa mfano: "Fair enough", kijana kwa dada yake, baada ya kushindwa hoja, bila hasira. Ukiandika hivyo utajua lini useme na lini unyamaze, tena hutahitaji tafsiri, maana tukio zima litakurudia. Na zile ulizozitoa kwenye orodha za shuleni, kama ile ya mvua ya paka na mbwa ("raining cats and dogs", yaani mvua kubwa), angalia kama kuna mtu yeyote anaisema kwenye muvi zenu. Utangoja sana. Nahau nayo huzeeka kama nguo.

Kinachowaponyoka watu wetu hasa ni vitenzi vidogo vinavyobebana na vineno: "turn out", "end up", "get away with", "figure out", "look after". Kila neno peke yake unalijua tangu Form One, yakikaa pamoja yanakuwa kitu kingine. Na ndiyo yanayosemwa mchana kutwa. Watafiti Stuart Webb na Michael Rodgers walichambua filamu 318 za Marekani na Uingereza, wakatoa matokeo mwaka 2009: mtu anayejua familia za maneno 3,000, ukijumlisha majina ya watu na mahali, anayajua maneno yapatayo asilimia 95 ya yote yanayosemwa ndani. Familia moja ni kama "go", "goes", "going", "went" na "gone" kwa pamoja. Kwa hiyo kati ya maneno ishirini, geni ni moja tu. Nadhani wewe uko karibu na hapo, ndiyo maana unaelewa. Usiende kutafuta maneno ya ajabu. Yapike uliyonayo.

Na kupika kwenyewe kunaanzia kwenye kusimulia. Kila mmoja wenu asimulie kile kipande kwa dakika mbili. Hapa kuna jambo ambalo sisi wa Kiswahili linatukwaza, na sijaona likielezwa vya kutosha. Sisi tukisimulia tunapanda gari la "ka": akaenda, akamkuta, akamwambia. Kiingereza hakina "ka". Hadithi ya filamu kwa kawaida husimuliwa kwa wakati uliopo: "He goes home, he finds his father, he tells him." Kila kitenzi kina ile "s" ambayo tunaidondosha njiani. Sijaona zoezi linaloirudisha "s" kama kusimulia muvi, kwa sababu unaisema mara thelathini kwa dakika mbili. Tena "a" yetu haibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo tunamwita mama "he" na baba "she". Chagueni kipande chenye mwanamume na mwanamke wanaogombana, na mnaosikiliza mgonge meza kila msimulizi anapobadilisha jinsia ya mtu. Wiki ya kwanza meza itagongwa mno. Wiki ya nne itanyamaza.

Mkishasimulia, ndipo mnafungua kikao. Nasema kikao kwa maana ya kikao cha ukoo kile mnachokijua: kuna mwenyekiti, kuna mlalamikaji, kuna mlalamikiwa, kila mtu anapewa nafasi na hakuna anayeondoka mpaka jambo liishe. Mmoja anakuwa baba wa kwenye muvi, mwingine mtoto, mwingine mama, wa nne anaongoza. Nawaambia wanafunzi wangu wasiulizane kama muvi ilikuwa nzuri, kwa sababu jibu lake ni "yes" na maneno yameisha. Waulizane nani alikosea.

Kwa kuanzia ningechukua The Boy Who Harnessed the Wind, ya mwaka 2019. Aliyeiongoza ni Chiwetel Ejiofor, na yeye mwenyewe ndiye aliyeigiza baba. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe wetu. Shule ilimshinda kwa ada wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002, akasoma kitabu cha maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu. Kiingereza chake kinasemwa kwa lafudhi ya Kiafrika ambayo sikio lako litaipokea haraka, na katikati kuna Kichewa, ambamo njaa ni njala na upepo ni mphepo. Lakini nimeichagua kwa sababu ya ile baiskeli. Mtoto anataka kuivunja baiskeli ya baba yake, ambayo ni moja ya vitu vichache vya maana walivyobaki navyo. Baba anakataa.

Mtu wa Iringa au Mbeya hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Anajua mahindi yakikosekana nyumba inakuwaje. Ana maoni tayari, na mwenye maoni hutafuta maneno.

Nilipoiweka darasani, alikuwepo mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, amepita miaka hamsini, anajifunza Kiingereza kwa sababu wanunuzi wa nje hufika kwenye chama chao cha ushirika. Kwa miezi miwili hakuwa amesema zaidi ya jina lake. Tukampa nafasi ya baba. Vijana wote walikuwa upande wa mtoto. Mzee akasimama, akavua kofia, akasema taratibu: "The boy is clever. But if the wind not come, we end up with no bicycle and no food. And the people laugh me. Not him. Me." "End up" alikuwa ameisikia robo saa tu kabla. Darasa likakaa kimya. Yule muuguzi akajikaza: "Fair enough, father. But put yourself in his shoes." Mzee akauliza, "Whose shoes?" Akaelezwa kwamba ni kujiweka mahali pa mwenzako. Akafikiri, kisha akaanza kuwageuzia kibao, kila kijana aliyesimama akimwambia, "And you, put yourself in my shoes." Sikurekebisha makosa yake hata moja jioni ile. Kuna wakati wa kurekebisha na kuna wakati wa kuacha mtu aseme, na mwalimu anayeshindwa kuutambua anawanyamazisha watu kwa miaka.

Kanuni yetu kikaoni ni nyepesi. Dakika kumi ni Kiingereza kitupu. Ukikwama, nyoosha mkono, sema hilo neno moja kwa Kiswahili, endelea. Mwenyekiti analiandika. Yule mzee alikwama kwenye "mbegu", mwingine kwenye "kukaidi". Baada ya kikao mnatafuta Kiingereza cha maneno yale tu, kisha kikao kinarudiwa na watu wabadilishane viti: aliyekuwa baba awe mtoto. Maneno yaliyokukwamisha ndiyo yako, kwa sababu umeshaona pengo lake. Hayo matano au sita yana faida kuliko nahau mia mbili.

Kuhusu maandishi ya chini: ya Kiingereza, ndiyo. Mara ya kwanza angalieni kipande bila maandishi na bila kalamu, mara ya pili na maandishi, mara ya tatu bila. Ya Kiswahili yatawafanya msome Kiswahili, basi. Na muvi zilizotafsiriwa kwa sauti, tulizokua nazo kwenye vibanda umiza, nazipenda na ni sanaa yetu, lakini si za Jumamosi hii. Muvi za ngumi ziacheni pia, watu wanarushana dirishani bila kusema neno. Mkishazoea, tafuteni 12 Angry Men ya mwaka 1957. Karibu yote iko ndani ya chumba kimoja, wanaume 12 wanaamua kama kijana ana hatia ya kuua, 11 wanasema anayo, mmoja anasema tuzungumze kwanza. Wafikirieni kama wazee wa baraza, ila hawa hukumu iko mikononi mwao na lazima wakubaliane wote. Ni kubishana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na huko ndiko mtakapoipata "reasonable doubt", yaani shaka yenye msingi, inayomzuia mtu kusema mshtakiwa ana hatia.

Sasa meza yako ya mapokezi. Mgeni hatakuuliza habari za muvi. Anayefika Iringa, akiwa safarini kwenda Ruaha au amerudi, atakuuliza: Mkwawa ni nani? Gangilonga maana yake nini? Hapo ndipo mazoezi yako yanapohamia. Msimulie Mkwawa, chifu wa Wahehe, kama unavyosimulia muvi, tofauti ni kwamba hii ni historia, kwa hiyo vitenzi vinarudi wakati uliopita. "In 1891 he defeated the Germans at Lugalo. In 1894 they took Kalenga, but he got away." Halafu mwaka 1898, alipozingirwa, alijipiga risasi badala ya kukamatwa. "They took his head to Germany." Mgeni wako akidhani hadithi imeishia hapo, mwambie: "It turned out that was not the end. His skull came back in 1954, and you can see it at Kalenga." Umetumia "got away", umetumia "turned out", na hukufungua daftari. Gangilonga mweleze kwamba kwa Kihehe ni jiwe linalozungumza, kisha mwonyeshe njia ya kupanda.

Jifanyieni hivyo ninyi wanne kwanza: mmoja awe mgeni mwenye maswali mengi, mwingine awe wewe. Lakini Jumamosi hii anzeni na baiskeli. Usichukue nafasi ya mtoto, ni rahisi mno. Chukua ya baba. Halafu niandikie, kwa Kiingereza, kikao kilimalizikaje na neno gani lilikukwamisha.